Damu ya SS si damu chafu

Dhana inayosikika sana hapa Goma, kuanzia Birere hadi Himbi, ni kwamba damu ya mtoto wa SS, yaani mwenye ugonjwa wa selimundu, ni chafu, au kwamba ugonjwa wake una mkono wa mtu. Maneno hayo yamewaumiza akina mama wengi bure. Selimundu hurithiwa kwa baba na mama, na kosa lenyewe ni dogo ajabu: katika mnyororo wa beta wa hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni), wenye amino asidi (vijenzi vya protini) 146, ile ya sita tu ndiyo imebadilika. Mwanakemia Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba hemoglobini ya wagonjwa husafiri tofauti katika umeme. Vernon Ingram akalitambua kosa lenyewe miaka michache baadaye.

Wengine hudhani kwamba wataalamu huziona molekuli hizo kwa hadubini ya maabara. Hadubini hiyo huonyesha chembe iliyopinda kama mundu, lakini molekuli ya hemoglobini, yenye upana wa takriban nanomita 6, ni ndogo mno kuonekana kwa mwanga wa kawaida. Kinachotafutwa ni dalili ya kushikamana. Tone la damu hutiwa katika mrija wenye dawa inayopasua chembe na kuondoa oksijeni, kisha mrija huwekwa mbele ya karatasi yenye mistari myeusi. Hemoglobini ya kawaida ikiwa peke yake, mistari husomeka; ikiwamo ya S, yaani ile yenye kosa, maji hufanya ukungu na mistari hupotea. Kipimo hiki hakitenganishi SS (aliyerithi kosa kwa wazazi wote wawili) na AS (aliyerithi kwa mmoja tu), kwa hiyo mzazi asipewe jibu la mwisho kabla ya elektroforesi, kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini kwa umeme.

Dhana nzito zaidi ni kwamba protini zikishashikamana hazirudi tena. Ni kweli kwa yai lililochemshwa, na kwa jibini ya Masisi, ambayo hairudi kuwa maziwa. Hemoglobini ya S ikipoteza oksijeni, molekuli zake hujipanga kuwa nyuzi ngumu, lakini ikipata oksijeni tena mapafuni, nyuzi hizo huyeyuka. Chembe iliyopinda mara nyingi ndiyo huishia kubaki imepinda. James Hofrichter na William Eaton walionyesha miaka ya 1970 kwamba nyuzi hazianzi papo hapo: kuna muda wa kusubiri, nao hufupika mno hemoglobini inapokolea hata kidogo ndani ya chembe. Ndiyo maana mtoto wa SS huhimizwa kunywa maji kila mara, kwani mwili ukikauka hemoglobini hukolea. Dawa ya hidroksiurea nayo huongeza hemoglobini ya aina ya mtoto aliye tumboni, ambayo haijiungi na nyuzi hizo, hivyo muda hurefuka na chembe nyingi zaidi huwahi kuvuka mishipa midogo kabla ya kupinda.