Bolti ya betri kuganda si lazima iwe kutu

Bolti ya betri ya sola ikikataa kufunguka, watu husema "kutu" kabla hata hawajaimulika kwa tochi. Hapo huletwa mafuta ya kulegeza, nyundo na spana ndefu zaidi, na kinachofuata ni kichwa cha betri kung'oka. Bolti kuganda ni meno yake na meno ya nati kushikana kiasi kwamba nguvu ya kawaida haifungui tena. Hiyo ndiyo maana yake yote. Kutu ni sababu mojawapo, na kwenye betri mara nyingi siyo yenyewe.

Kutu ni ya chuma, na rangi yake ni kahawia au wekundu wa tofali. Risasi, ile metali laini ya ndani ya betri na ya vichwa vyake, haishiki kutu, shaba haishiki, alumini haishiki. Utaikuta kwenye bolti ya chuma cha kawaida ambayo zinki yake ya juu imeshaliwa, na hapo mafuta ya kulegeza yana kazi: paka, acha saa kadhaa, kaza kidogo sana ndipo ulegeze, rudia.

Ule unga mweupe ni kitu kingine. Betri ya asidi inapochajiwa hutoa gesi inayobeba chembe za asidi ya salfuriki, na asidi nyingine hupenya taratibu pembeni ya nguzo, yaani kichwa cha betri. Ikikutana na risasi huzaa salfeti ya risasi, ambayo ni nyeupe. Ikikutana na shaba ya waya, unga huwa buluu au kijani. Hizi ni chumvi. Ukizimiminia mafuta hazifanyi lolote. Dawa yake ni magadi ya kuokea, kijiko kikubwa kwenye kikombe cha maji, mpaka povu likome. Kisha suuza na ukaushe. Vifuniko vya betri viwe vimefungwa barabara, maana magadi yakiingia ndani yanaua asidi ambayo betri inaihitaji. Na usiukwangue unga huo ukiwa mkavu: risasi ni sumu, na vumbi lake huvutwa na pumzi.

Inayonisikitisha zaidi ni sababu ya tatu, kwa sababu humpata hasa mtu aliyejitahidi. Ameacha bolti za kawaida, akanunua za stenlesi ili asisumbuliwe na kutu. Bolti mpya, safi, inang'aa, inaganda siku hiyohiyo ya kufungwa, na bado anaambiwa imeshika kutu! Stenlesi hulindwa na utando mwembamba sana wa oksidi ya kromi. Meno mawili ya stenlesi yakisuguana kwa kasi na kwa mgandamizo, utando huo huchubuka, chuma kitupu hugusa chuma kitupu, na vinaungana kama vilivyochomelewa. Dalili yake ni hii: nati ilikuwa inazunguka kwa vidole, ghafla inakuwa nzito kabla haijafika kwenye washa, inatoa mlio mkavu, na ukiigusa ina joto. Simama hapo hapo. Irudishe nyuma polepole. Ukiendelea kulazimisha, unazidi kuiunganisha.

Ikishaungana kabisa, mafuta husaidia kidogo sana; nati hukatwa. Lakini usilete mashine ya kukatia yenye cheche, wala moto wa kuipasha, kwenye betri ya asidi. Gesi inayotoka wakati wa kuchaji ina haidrojeni, na hewa yenye asilimia 4 tu ya haidrojeni inatosha kulipuka. Zima inveta, tenga paneli kabla ya kutenga betri, hewa ipite, funika kichwa cha pili kwa mpira, kisha tumia msumeno wa mkono taratibu huku kitambaa kikidaka chenga za chuma. Kama bolti imepita kwenye nguzo ya risasi, shika upande mmoja kwa spana ya pili. Risasi ni laini, na nguzo ikizunguka, muungano wa ndani hukatika.

Kinga ya stenlesi ni kupaka meno, kabla ya kufunga, mafuta mazito ya kuzuia metali kushikana, kisha kukaza kwa mkono bila drili. Meno yaliyopakwa hukazika zaidi kwa nguvu ileile, kwa hiyo usizidishe kipimo cha mtengenezaji, hasa kwenye betri za lithiamu ambazo seli zake nyingi zina vichwa vya alumini. Pale waya unapogusana na kichwa cha betri pabaki pakavu na safi. Grisi au mafuta ya mgando hupakwa juu baada ya kukaza.

Kwa hiyo unapompigia fundi, usimwambie kwamba bolti imeshika kutu. Mwambie ulichokiona: kahawia, unga mweupe, au bolti safi iliyogoma katikati ya safari. Atajua abebe mafuta, magadi au msumeno.