"Hata Kiu Hana, Tabibu"

Neno hilo wiki hii nimelisikia mara tatu, na uvumilivu wangu ulikuwa wa mara mbili tu. Mzee analetwa ameshikiliwa mabega, midomo imepasuka, maneno yanapishana. Akilala presha inasoma 130 kwa 80, akisimama inaporomoka hadi 95 kwa 60. Namuuliza aliyemleta: kwa siku anakunywa kiasi gani? Jibu linatoka bila wasiwasi wowote: "Hata kiu hana, tabibu. Angekuwa nayo si angesema?"

Hasemi. Na hasemi kwa sababu haisikii.

Ubongo una sehemu inayoonja jinsi damu ilivyokolea. Damu ikikolea, mambo mawili hufanyika: homoni inatumwa kuiambia figo ibane maji, na wewe unatiwa kiu. Kijana wa miaka 25 mpango huo unamwendea vizuri bila yeye kuufikiria. Kwa mtu wa 75 kiu inakuja kwa kuchelewa tena kwa unyonge, na figo nayo haibani kama ilivyokuwa ikibana. Mwaka 1984 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio dogo. Wanaume wa miaka 67 hadi 75 na vijana wa 20 hadi 31 walikaa saa 24 bila maji. Damu za wazee zilikolea zaidi, lakini kiu waliyoisikia ilikuwa ndogo, na maji yalipoletwa wajinywee wapendavyo, walikunywa machache kuliko vijana. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wazima wa afya, ila wana umri.

Juu ya hapo tangi lenyewe limepungua. Misuli ni maji robo tatu, na misuli ndiyo uzee unayoila kwanza. Kijana wa kiume mwili wake ni maji kama asilimia 60. Babu yake yuko karibu na 50. Kuhara kwa siku moja, ambako mjukuu anakumaliza kwa soda na usingizi, babu kunamlaza.

Ile kanuni ya glasi nane za maji kwa siku tuipite haraka. Bodi ya lishe ya Marekani mwaka 1945 ilitaja lita mbili na nusu kwa siku, kisha ikasema sehemu kubwa ya maji hayo tayari imo kwenye chakula. Watu walisoma sentensi ya kwanza wakafunga kitabu. Ugali uzito wake zaidi ya nusu ni maji. Uji, mchuzi wa sato, chungwa, tikiti, vyote vinahesabika. Chai pia, na msiniletee ile habari ya chai inakausha mwili. Ya kawaida haikaushi. Mwongozo wa wataalamu wa lishe wa Ulaya unataja vinywaji vya lita 1.6 kwa siku kwa mwanamke mzee na 2 kwa mwanamume, nami naanzia hapo, nikiongeza siku za jua kali au homa. Mwenye moyo ulioshindwa au figo zilizochoka asinisikilize mimi, kipimo chake anapangiwa na daktari wake. Na maji yachemshwe. Ziwa Victoria kuwa mbele ya nyumba hakulifanyi kuwa mtungi.

Sasa nifike kwenye linaloniudhi hasa. Hata mzee anayesikia kiu, mara nyingi hanywi kwa makusudi, na sababu ni choo.

Waliokulia Mwanza wanajua nyumba zetu za mlimani. Unapanda mawe kwa magoti, ukifika unaliona ziwa lote hadi ng'ambo, mandhari ya kalenda. Lakini choo kiko nje, chini, ngazi tano za jiwe lisilo na pa kushika, na usiku taa ni ya simu. Bibi mwenye mtoto wa jicho akijua kwamba kikombe cha saa mbili usiku ni safari ya saa saba usiku, atakiacha kikombe. Ni hesabu nzuri tu. Anaogopa kuvunjika nyonga, na ana haki ya kuiogopa.

Wa tatu wa wiki hii nyumba yake haina hata mawe. Ni nyumba nzuri ya bondeni, choo ndani, vigae. Aliletwa na mkwewe, kijana mwenye biashara ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, mpole, ana wasiwasi wa kweli. Yeye ndiye aliyesema "mama kiu hana". Nikamwomba akanunue dripu duka la dawa, nusu kwa haja ya dripu, nusu kwa haja ya mlango kufungwa. Dripu ilipomwingia na kichwa kikatulia, nikamsalimu upya kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," nikavuta kiti. Akaniambia: "Mwanangu, choo kile unapitia sebuleni. Mkwe wangu anaangalia mpira hadi usiku wa manane. Nipite mbele yake na khanga moja mara nne?"

Basi kuanzia saa nane mchana alikuwa hanywi kitu. Miezi. Binti yake hakujua, mkwe hakujua, na mimi ningeandika "upungufu wa maji" nikamrudisha nyumbani kwenye mpira uleule.

Kinachosikitisha ni kwamba kujinyima kwenyewe hakumlipi. Mkojo wa usiku kwa mzee hautokani na kikombe cha jioni peke yake. Maji yaliyoshuka miguuni mchana kutwa yanarudi kwenye damu akilala. Homoni ya kubana mkojo, ambayo kwa vijana huongezeka usiku, kwake haiongezeki ipasavyo. Kwa wanaume kuna tezi dume, kwa wengine kuna sukari ambayo haijapimwa. Ukikaa mkavu, choo kikubwa kinakuwa kigumu na kukisukuma kibofu, na mkojo mchache unaokaa sana ni nafasi nzuri ya maambukizi, ambayo nayo yatamwamsha. Kwa hiyo nawaambia: kikombe akiamka, kikombe na kila mlo, kingine katikati, sehemu kubwa iwe imeisha saa kumi na moja jioni. Alasiri anyooshe miguu juu ya kiti. Vidonge vya kukojoza mwulize daktari kama vinaweza kuwa vya asubuhi. Na hapohapo mwonyeshe na zile dawa za maumivu ya magoti, diclofenac, mnazonunua kwa karatasi: hizo, pamoja na dawa ya presha na mwili mkavu, zinaweza kuangusha figo ndani ya siku chache.

Mtaniuliza, tutajuaje amekauka? Hapa nina aibu kidogo. Miaka yote nimefundisha rangi ya mkojo, na kufinya ngozi ya mkono kuona kama inarudi. Ngozi ya mzee hairudi hata akiwa amelowa, imelegea. Na mapitio ya 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za tiba, yalikusanya vipimo hivi vya macho na mikono kwa wazee, rangi ya mkojo na ukavu wa mdomo vikiwemo, yakaona hakuna kimoja cha kutegemea peke yake. Kinachoaminika ni kupima damu ilivyokolea, na hicho zahanati yangu haina. Bado naangalia mkojo, sitawadanganya. Ila zaidi naangalia mabadiliko: aliyekuwa akisimulia juzi leo anamwita mjukuu kwa jina la marehemu kaka yake, aliyekuwa akitembea sawa, leo anayumba. Kabla ya kusema amerogwa au "ni uzee huo", mleteni.

Na wale mnaoamini maji yanazuia uzee na kuleta ngozi ya kigori: mwaka 2023 watafiti wa Marekani walichapisha takwimu za watu wazima zaidi ya 11,000 waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Wenye sodiamu ya damu zaidi ya millimoli 142 kwa lita walielekea kuwa na dalili nyingi za kuzeeka na magonjwa sugu. Nilifurahi, kisha nikasoma tena. Walipima chumvi kwenye damu, si vikombe mezani, na kuandamana kwa mambo mawili si kusababishana. Kwa hiyo kwamba maji yanachelewesha uzee wenyewe, sijaridhika bado. Kwamba ukavu unaangusha wazee na kuwavuruga akili, hilo naliona kila Jumatatu.

Mkwe aliporudi na dripu sikumweleza yote. Kuna mengine si ya mkwe kuyasikia. Nilimwambia binti. Wakanunua ndoo yenye mfuniko, ikawekwa chumbani nyuma ya pazia, na mjukuu wa miaka kumi ndiye anayeitoa asubuhi kwa malipo ya shilingi mia mbili. Bibi alikataa siku mbili za kwanza. Jana amekuja kupima presha, 128 akilala, 122 akisimama, akanilalamikia kwamba mjukuu sasa anadai mia tatu.