Sauti nzito ya Boney M. si ya Bobby Farrell
Kwa miaka mingi watu wameamini kwamba ile sauti nzito ya kiume kwenye nyimbo za kundi la disko la Boney M. ni ya Bobby Farrell, yule mchezaji mwenye afro. Siyo yake. Studio aliimba prodyuza wao Mjerumani, Frank Farian. Sauti za kike ni za Liz Mitchell na Marcia Barrett. Farrell, mzaliwa wa Aruba, alichukuliwa kwa ajili ya kucheza, na hapo hakuwa na mpinzani. Ila kumwita bubu ni kumwonea: jukwaani aliimba mwenyewe. Alifariki Saint Petersburg, Urusi, tarehe 30 Desemba 2010, jiji lilelile alikouawa Rasputin, yule Mrusi aliyejulikana kama mponyaji wa kidini, anayesimuliwa katika wimbo wao wa mwaka 1978.