Upendeleo wa kundi ni nini?

Upendeleo wa kundi ni hali ya mtu kumwamini, kumsamehe na kumnufaisha wa kundi lake kuliko wa nje, hata kama hamjui yeyote kati yao. Kuwapenda wa kwenu si lazima kuzae chuki kwa wengine, ila njia ni fupi.

Tazama steji ya bodaboda Kampala au Busia. Bodaboda wa steji nyingine akipakia abiria hapo, huyo ni mwizi, na huenda akanyang'anywa ufunguo. Wa kwao akifanya vivyo hivyo kwingine, anatafuta riziki. Na hao wanaoteteana ni wa makabila na dini mbalimbali. Kinachowaunganisha ni mahali pa kuegesha pikipiki tu.

Henri Tajfel, mwanasaikolojia Myahudi mzaliwa wa Poland ambaye ndugu zake waliuawa na Wanazi, alitaka kujua kundi linahitaji nini hasa ili lianze kupendelea. Mwaka 1970 alichapisha majaribio aliyofanya na wavulana wa shule huko Bristol, Uingereza. Waliambiwa wamegawanywa kwa jinsi walivyokadiria idadi ya vitone; kumbe waligawanywa kiholela. Kila mmoja aligawa pesa kwa wenzake asiowajua, yeye mwenyewe hapati kitu. Wengi walipendelea upande wao. Linaloniumiza zaidi ni hili: mara nyingi waliacha mgao ambao ungewapa wenzao pesa nyingi zaidi, wakachukua mdogo, mradi wale wengine wapate kidogo kuliko wao.

Nikifikiria mwaka 1972 hapa Uganda, naliona jambo hilo hilo. Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na wapo walioshangilia. Maduka na viwanda vikagawiwa wanajeshi na watu wao, vingi vikafa, sukari na sabuni zikaadimika kwa wote, hata kwa walioshangilia.

Kuwakutanisha watu peke yake hakutoshi. Mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliliona hilo mwaka 1954 kwenye kambi ya wavulana Oklahoma, Marekani: makundi mawili yaliyokutanishwa mezani yalirushiana chakula. Uhasama ulipungua maji ya kambi yalipokatika, ikabidi watafute hitilafu pamoja. Kwa hiyo, kwenye makazi ya wakimbizi kama Nakivale au Kiryandongo hapa Uganda, mimi ningeanza na kamati ya kisima yenye wakimbizi na wenyeji, hotuba za umoja baadaye.