Wino Usiobanduka Kwenye Mkebe

Juzi mama mmoja muuza asali alifika kwenye karakana yetu ya uchapishaji, Industrial Area, akitaka mikebe 300 yenye picha ya nyuki. Kiwanda alichokiendea kwanza kilitaka aagize maelfu. Siwalaumu. Kwa ofseti, yaani kuchapa kwa plati (bamba lenye picha), kila rangi ina plati yake, na bati za kwanza hutupwa mpaka rangi zikae sawasawa. Gharama hiyo haipungui, uchapishe mikebe 300 au laki tatu.

Mashine yetu haina plati. Kompyuta huamuru kichwa cha kuchapisha kirushe matone ya wino, kila tone picolita chache tu (lita moja ina picolita trilioni). Kumchora nyuki ni rahisi. Kazi ni kumfanya asibanduke.

Karatasi hunywa wino. Bati hainywi kitu. Tone hukaa juu yake kama maji kwenye jani la mgomba. Kwa hiyo tunalipiga papo hapo mwanga wa urujuanimno (UV) wa taa za LED, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 395, ligande kabla halijatambaa. Lakini bati huchapishwa ikiwa bapa, unene wa milimita 0.2 hivi, ndipo ikatwe, iviringishwe, ichomelewe ubavuni na kukunjwa kingo. Wino mgumu mno hupasuka kwenye kunjo; ukiwa laini mno, mikebe hukwaruzana kwenye lori. Ukingo wa kuchomelea tunauacha mtupu, maana wino huzuia umeme wa kuchomelea.

Isitoshe, bati hupangwa moja juu ya nyingine, na wino usioiva huhamia upande utakaogusa chakula. Mwaka 2005 maziwa ya watoto yaliondolewa madukani Italia kwa sababu kama hiyo, ingawa yale yalikuwa ya paketi.

Kinachoninyima usingizi ni wino mweupe, unaotangulia ili kufunika kijivu cha bati. Titani dioksaidi yake, unga unaoupa weupe, ni nzito, hutuama kama machicha, kwa hiyo lazima wino uzungushwe saa zote. Pasaka moja stima ilipotea, pampu ikasimama. Jumanne nozeli zote, vitundu vya kurushia wino, zilikuwa zimeziba, kichwa kizima tukakitupa.

Sampuli ya mama niliichanja miraba kwa wembe, nikabandika selotepu na kuing'oa kwa nguvu. Ikatoka safi.

"Haibanduki, mama."

Hakuridhika. Alitoa ufunguo kwenye kiondo, akamkwaruza nyuki bawani mara tatu, akageuza mkebe kwenye mwanga.

"Haya fundi, niambie bei."