Bunduki ndogo za rashasha za Vita Kuu ya Pili: anza na magazini

Wengi wanaolinganisha bunduki ndogo za rashasha za Vita Kuu ya Pili ya Dunia huuliza kwanza ni ipi iliyotema risasi nyingi kwa dakika. Swali hilo linapotosha. PPSh-41 ya Wasovieti ilitoa kama 900 kwa dakika, yaani 15 kila sekunde, hivyo magazini (kisanduku cha kubebea risasi) ya risasi 35 ilikwisha kabla hujahesabu hadi tatu. MP 40 ya Wajerumani ilitoa kama 500, na mwendo huo ulimpa askari nafasi ya kuachia kidole baada ya risasi mbili tatu, bunduki ikiwa bado imeelekea shabaha.

Tuwekane sawa kuhusu jina. Kwa Kiingereza bunduki ndogo ya rashasha huitwa submachine gun, kwa kifupi SMG, lakini katika habari za uhalifu Tanzania "SMG" mara nyingi huwa ni AK-47. Silaha tunazozizungumzia hapa hutumia risasi za bastola, na manufaa yake yaliishia kwenye mita 100 hadi 200. Kuzilaumu kwa kushindwa mita 300 ni kuzionea.

Ukitaka kujua silaha ya namna hii ilifaa kiasi gani, chomoa magazini utazame mdomo wake. Kwenye Sten ya Waingereza na MP 40, risasi hupanda kwa safu mbili zinazopishana, kisha karibu na mdomo hubanwa ziwe safu moja. Hapo ndipo penye msuguano. Mchanga kidogo ukiingia, au kingo za bati zikipinda kidogo tu, risasi hugoma kupanda. Kuzishindilia ilikuwa kazi ngumu kwa kidole gumba, ndiyo maana Sten ilitolewa na kifaa cha kujazia, na askari wazoefu waliweka 28 au 30 badala ya 32. Tena magazini ya Sten ilichomoza ubavuni kushoto, ikawa kishawishi cha kushikia. Ukiivuta hivyo, pembe ya kuingizia risasi inabadilika na silaha inakwama. Thompson ya Marekani haikuwa na tatizo la safu moja, maana risasi zilitoka kushoto na kulia kwa zamu. Ila ilikuwa na uzito wa karibu kilo 5 kabla ya kutiwa risasi.

Magazini ya duara ya PPSh ilibeba risasi 71. Inavutia machoni, lakini ilikuwa nzito, ilichelewa kujazwa, na mara nyingi ililazimu kurekebishwa ikae kwenye bunduki moja mahususi. Ya bunduki ya mwenzako huenda isikubali kwako.

Kipimo kinachofuata ni uchafu. Mwaka 1941 Australia ilijaribu bunduki yake ya Owen pamoja na Thompson na Sten kwenye matope na mchanga. Owen ndiyo iliyoendelea kufyatua. Sababu inaonekana ukiifungua: magazini iko juu, tundu la kutolea maganda liko chini, hivyo uchafu unadondoka wenyewe. Mkono wa kukokia nao una chumba chake, uliotengwa kwa ukuta na bolti (kipande cha chuma kinachokwenda mbele na nyuma kuingiza risasi na kuifyatua), matope yasipate njia.

Usalama usisahauliwe. Bolti ya Sten husubiri nyuma, kisha huruka mbele kufyatua. Hata ikiwa mbele, bunduki yenye magazini ikianguka kwa kitako, bolti inaweza kurudi nyuma kiasi cha kuokota risasi bila kunaswa na kizuizi, ikafyatua yenyewe. Ni kasoro nzito, na iliwadhuru waliobeba silaha hiyo.

Hata hivyo Sten zilitengenezwa kwa mamilioni, kwa gharama ndogo mno kuliko Thompson, wakati Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa silaha. Gharama pia ni sehemu ya ufanisi. Aleksei Sudayev, mbunifu wa silaha wa Kisovieti, alilielewa hilo ndani ya Leningrad iliyozingirwa. Bunduki yake ya PPS-43 ilihitaji kama kilo 6.2 za chuma na saa 2.7 za mashine, wakati PPSh ilikula kilo 13.9 na saa 7.3. Alipunguza pia kasi hadi kama risasi 600 kwa dakika, na magazini yake ya risasi 35 akaipa mdomo wa safu mbili.