Mtindi hautibu taifodi

Ujumbe huu umezunguka miaka mingi kwenye magrupu ya Mbeya, Njombe na Iringa: maziwa mabichi yaliyoganda yenyewe yana bakteria wazuri wanaoua vijidudu vyote, kwa hiyo kikombe kimoja asubuhi kinatibu taifodi, dawa za hospitali za nini?

Kuna ukweli kidogo ndani yake, ndiyo maana wengi wanauamini. Bakteria wa mtindi humeng'enya sehemu ya sukari ya maziwa, hivyo anayejaa gesi akinywa maziwa freshi mara nyingi huumudu mtindi. Baadhi ya aina za probayotiki (bakteria hai wenye faida kwa tumbo) pia hupunguza kuharisha kunakoletwa na antibayotiki. Taifodi ni jambo jingine: bakteria wake huingia kwenye damu, na huko mtindi haufiki. Tena siprofloksasini, antibayotiki inayotumika kutibu taifodi, ikimezwa kwa maziwa au mtindi hufyonzwa kidogo. Imeze kwa maji.

Uchachu nao si kinga. Vijidudu vya brusela, vinavyofanya ng'ombe watupe mimba na kuwaugua watu pia, huweza kubaki hai ndani ya maziwa yaliyoganda, na ladha haikuonyeshi. Ukitaka mtindi salama, chemsha maziwa mpaka yaumuke, yapoe yawe vuguvugu, tia vijiko viwili vya mtindi kwa lita, funika na blanketi kwa masaa manane; kwa baridi ya Tukuyu au Makete yatachelewa. Yakiganda, bakteria wa ule mtindi walikuwa hai. Yasipoganda, huenda maziwa yalikuwa ya moto mno, au mtindi ulipashwa moto kiwandani.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mgonjwa anayeusoma anaweza kuacha dozi katikati, na taifodi isiyotibiwa inaweza kutoboa utumbo.